Raia wa Marekani walioko Uganda waelezwe wajibu wa kuripoti akaunti

Mhariri,

Naomba nafasi niwazungumzie Waganda wenzangu waliorudi nyumbani wakiwa na uraia wa Marekani, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko, kwa kuwa wengi wanaamini kwamba akaunti iliyofunguliwa Kampala au Jinja haiihusu serikali ya Marekani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inamtaka raia wake, popote anapoishi, aripoti akaunti zake zote za nje ya Marekani iwapo jumla ya fedha zilizomo ilizidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, hata kwa siku moja. Fedha za kununulia kiwanja, zilizopita tu benki, zinatosha kumfikisha hapo. Linalonisikitisha zaidi ni suala la saini: mweka hazina wa kikundi au wa kanisa ambaye ni raia wa Marekani, aliyepewa mamlaka ya kutoa fedha za wenzake, naye anapaswa kuiripoti akaunti hiyo, ingawa hana shilingi yake humo.

Taarifa hii si kodi. Hutumwa kwa intaneti, kando na ritani ya kodi (fomu ya kila mwaka ya kutangaza mapato), ifikapo Aprili 15, na anayechelewa huongezewa muda hadi Oktoba 15 bila kuomba. Asiyeripoti, hata kama hakukusudia, anaweza kutozwa faini inayozidi dola 10,000.

Naziomba benki zetu, ambazo tayari huwauliza wateja kuhusu uraia wa Marekani wanapofungua akaunti, ziwaeleze papo hapo wajibu huu.

Msomaji wako,
Entebbe