Mwanangu, hilo ua la sebuleni kwako ni isale

Mwanangu hujambo? Sisi huku Marangu tupo, mvua zimenyesha na migomba imenyanyuka. Nimeona picha ya sebule yako uliyoweka status, pazia zimependeza, ila nilicheka, yaani umeenda kwa wauza miche hapo Dar ukatoa hela ununue isale? Hilo lenye mstari wa njano kwenye jani na haya ya kwetu Uchaggani ni mmea mmoja, wataalamu wanauita Dracaena fragrans, Wazungu wanaweka maofisini, hata NASA, wale Wamarekani wa mambo ya anga, waliupima kama unasafisha hewa kwenye ule utafiti wao wa mimea ya ndani wa 1989. Sawa, pamba nyumba. Lakini kabla hujaja Desemba kuna mambo inabidi uyajue maana isale unalihitaji kweli kweli.

Ukishuka nyuma ya zizi mpaka mferejini kuna ule mstari wa masale, majani marefu kama ya mahindi, shina lina alama za pete pete pale majani yalipodondokea. Babu yako aliyapanda alipogawiwa kihamba, hili shamba letu la ukoo, na ndo hati yetu, karatasi hatukuwa nayo. Wazee hawakubahatisha, unakata kipande cha shina unachomeka tu linashika, kivuli cha migomba halijali, na mtu akilifyeka usiku asogeze mpaka, kisiki kinachipua kinamuumbua. Wapare na Wasambaa nao wanapanda hivyo hivyo mipakani. Likichanua sasa, usiku harufu inajaa uwanja mzima.

Zamani kabla ya ukristo mtu mzima akishazikwa, baada ya muda fuvu lake lilikuwa linahamishiwa kwenye masale hapo hapo kihambani. Ndo maana bibi yako hataki watoto wachezee yale ya kule chini, na Jumapili yuko kanisani benchi la mbele, hayo mawili kwake hayajawahi kugombana.

Haya, twende kwenye shida yenyewe. Baba yako mkubwa hajasahau ulivyomjibu kwenye grupu la ukoo ile ishu ya michango ya harusi. Najua umemtumia "samahani baba" na vile viemoji vya mikono, hajajibu na hatajibu, mzee wa Kichagga haombwi msamaha kwa meseji jamani. Aliyekosa anatafuta mtu anayeheshimika, huyo ndo anabeba isale kumpelekea aliyekosewa, na akishaletewa hata kama alikuwa ameapa hataki kukuona inabidi akae asikilize, maana kulikataa isale ni mwiko na watu wanaogopa laana. Hata kijana akitorosha binti wa watu, kwao linatangulia isale ndo mengine yaongelewe.

Nimeshaongea na mjomba wako, amekubali kwenda, na kasema hataki umfundishe cha kusema huko. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nitapika mimi, ulezi ninao. Wewe njoo na hela ya mbuzi, na usithubutu kubeba hilo la kwenye chungu lenye mistari utatuchekesha, tutachuma hapa nyumbani la kijani tupu. Tiketi ya basi kata mapema, Desemba unaijua.

Mama yako.