Barua kwa Mwanangu: Uwahesabu na Wasiofika

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku ulipokata simu nilibaki nimeishika mkononi. Sauti yako haikuwa ya mtu aliyechoka kusoma tu, ilikuwa ya mtu anayejiuliza kama amepotea njia. Ulisema takwimu za epidemiolojia, somo lako hilo la kufuatilia jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu, zimekushinda, kwamba wenzako uliohitimu nao wako wodini wanaokoa watu, na wewe unakesha na kompyuta ukihesabu watu usiowajua hata kwa sura. Nikakujibu, "Vumilia, mama." Nilipolala nikaona jibu hilo halitoshi.

Nimefanya uuguzi miaka 32, na kuna jambo sijawahi kukusimulia. Kila zamu nilikuwa na rejesta, lile daftari kubwa lenye jalada gumu: jina, umri, jinsi, anakotoka, ugonjwa, matibabu, matokeo. Usiku wodi ikifurika, safu ya "anakotoka" ndiyo niliyokuwa nairuka kwanza, maana haikumsaidia mgonjwa aliyekuwa mbele yangu.

Akaletwa mtoto wa kiume, umri kama mwaka na nusu, anaharisha, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Tukamwongezea maji, siku ya tatu akatoka anacheka. Baada ya wiki chache akarudi vilevile, tukamtibu tena, akatoka. Mara ya tatu walimfikisha akiwa ameshachelewa. Wiki hiyohiyo bwana afya akapita wodini kuuliza watoto wa kuharisha wanatoka upande gani, apate kwenda kuona wanachota maji wapi. Nikafungua rejesta nimwonyeshe. Kwa mtoto yule safu ilikuwa tupu mara zote tatu, na mwandiko ulikuwa wangu.

Nilimtibu vizuri, mwanangu. Nilimtibu vizuri mara mbili, na mara mbili nikamrudisha kwenye maji yaleyale.

Unachosomea wewe ni ile safu niliyoiacha. Ndiyo maana uliponiambia umeacha wodi, mimi sikuona kwamba umewaacha wagonjwa.

Yale maandishi ya somo uliyonitumia nimeyasoma, na habari za John Snow, yule daktari wa Kiingereza aliyesema kipindupindu kinaenezwa na maji, nimezirudia. Watu wanamkumbuka kwa mpini wa pampu ya Broad Street, London, ulioondolewa tarehe 8 Septemba 1854 kipindupindu kilipokuwa kinaua watu wa Soho. Lakini Snow mwenyewe alikiri kwamba mpini ulipotolewa ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Kilichonishika mimi ni kwamba hakuishia kwa waliokufa, aliuliza pia habari za waliosalimika. Karibu na pampu ile palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, na kati yao wakafa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja. Hao walipewa bia ya kiwandani, na maji ya pampu ile hawakuyagusa. Ukiwahesabu wafu peke yao, hayo huyaoni kamwe.

Halafu yupo yule kasisi, Henry Whitehead, ambaye nampenda kuliko hata Snow. Hakumwamini Snow kwamba ugonjwa ulitoka kwenye maji ya pampu. Akaanza kugonga milango ya waumini wake ili aonyeshe kwamba daktari amekosea, akarudi na kurudi katika nyumba zilezile, mpaka akafika kwenye habari za mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya mlipuko kuwazoa wengine. Maji yaliyofuliwa nepi zake yalikuwa yamemwagwa shimoni, hatua chache tu kutoka kisima cha pampu. Alitoka kwenda kupinga, akarudi na ushahidi, na akaukubali. Ukiandika tasnifu yako, uwe na moyo huo.

Sasa tuje kwenye hesabu zinazokuliza. Shuleni tulifundishwa kwamba namba ya juu ya sehemu ni kiasi na ya chini ni asili. Lisikilize neno lenyewe: asili. Mtu akikuambia hospitali moja imepoteza wagonjwa 40 na nyingine 10, hajakuambia kitu. Kama wale 40 ni kati ya 4,000, amekufa mmoja katika kila 100. Kama wale 10 ni kati ya 200, wamekufa watano katika kila 100, na wa kutiliwa shaka ni hospitali yenye vifo vichache. Na hapo bado usihukumu, kwa sababu huenda hiyo ndiyo inayopelekewa waliozidiwa. Programu ya kuchakata data itakupa jibu hata kama asili yako ni ya kubuni. Haiwezi kukuambia nani hayumo.

Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti wao wa sigara na saratani ya mapafu. Kati ya wanaume 649 wenye saratani hiyo, wasiovuta walikuwa 2 tu. Inatisha, lakini peke yake haithibitishi, kwa sababu siku zile karibu kila mwanamume wa kule alikuwa anavuta. Wakatafuta wanaume wengine 649 waliolazwa kwa maradhi mengine, wakakuta wasiovuta ni 27. Bila hao wa pili, ile 2 isingesema lolote. Ukishika hilo, mwanangu, umeshika nusu ya epidemiolojia, na kanuni zilizobaki unaweza kuzifunua kitabuni kila unapozihitaji. Mwalimu wako mwulize na umwulize tena. Mimi niliona haya kuuliza nilipokuwa mwanafunzi, na hasara yake ilinifuata miaka mingi.

Tasnifu chagua jambo dogo unaloweza kulimaliza. Maombi ya kibali cha maadili yapeleke mapema, hayo hukaa mezani kwa watu. Utakapoanza kuzunguka na dodoso, mtu akikukatalia mshukuru uondoke, ridhaa si ya kubembeleza. Ila mlango uliofungwa usiuandike "hayupo" ukapita. Anayekosekana nyumbani mchana mara nyingi ndiye aliyeko kazini, au aliyempeleka mgonjwa, au aliyelazwa mwenyewe. Huyo hafanani na uliyemkuta amekaa. Rudi jioni. Rudi hata siku ya mapumziko. Najua msimamizi atakuhimiza tarehe ya mwisho, lakini nakuomba urudi.

Na hilo dodoso nitumie kabla hujampelekea msimamizi. Nitalisoma kwa sauti, polepole, kama anavyolisikia mama aliyesimama kwenye foleni na mtoto mgongoni. Kila nitakapokwama nitaweka alama ya kalamu nyekundu, nawe utanipigia tulipitie swali moja moja.

Mama yako anayekupenda