Malalamiko: Linux Yangu Haikufutika, Ninyi Hamkuiona

Makorora, Tanga
9 Februari 2026

Meneja,
Kitengo cha Matengenezo ya Kompyuta,
Tanga Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPOTEA KWA MENYU YA KUWASHIA, NA TSH 30,000 NILIZOTOZWA KWA KAZI ILIYOISHIA NJIANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu ya tarehe 19 Januari nilileta kwenu laptop ya dukani kwangu, feni yake ilikuwa inalia kama cherehani iliyokauka mafuta. Nililipa TSh 45,000. Feni mmeibadilisha vizuri, sina neno, na fedha hiyo siidai. Malalamiko yangu ni ya kilichofuata.

Mashine ile ina mifumo endeshi miwili, Windows 10 na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na yote miwili naitumia. Windows ipo kwa sababu ya printa kubwa, haielewani na kingine. Ubuntu ndiko ninakoingilia benki na kutunzia kazi za wateja, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na kilaptop changu ni cha zamani, Windows 11 hakiikubali. Kila nilipoiwasha ilinipa menyu, yaani orodha ya mistari michache yenye majina ya mifumo hiyo, nachagua, naingia. Siku niliyoichukua kwenu nikaifikisha nyumbani kwa baiskeli, nikaiwasha, orodha hakuna. Nikabonyeza Esc mpaka kidole kikauma. Ikaingia Windows moja kwa moja.

Nikapiga simu. Kijana wenu akanijibu, "Mama, hiyo Linux itakuwa imefutika. Ilete tukuwekee upya." Na kazi zilizomo? Akaniuliza kama nina bekapu. Humo mlikuwa na kadi za harusi ya watu wa Pangani, zimebaki siku nne kuchapwa, mchango wa kadi umeshalipwa. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikafungua sehemu ya Windows inayoonyesha diski. Ubuntu yangu ipo pale pale, GB 120, haina herufi kama C au D kwa kuwa Windows haisomi mfumo wa mafaili wa Linux. Nilipofika kwenu nikalisema hilo. Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha kumwambia mtu mzima kwamba mambo haya hayawezi.

Akaingia BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, mbele yangu, kwa F2. Kwenye mpangilio wa kuwasha palikuwa na mstari mmoja tu: Windows Boot Manager. Jibu lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi nyeupe, yeye akalipita. Mwenyewe alikuwa ameshaniambia kwamba siku ya feni "tuliiapdeti na BIOS kabisa, bure". Sikuwa nimeomba. Basi BIOS ikisasishwa inaweza kusahau mistari iliyoandikiwa, Windows ikaonekana tena yenyewe, Ubuntu ikabaki bila wa kuitaja. Faili lake la kuwashia lilikuwa bado kwenye EFI, ile sehemu ndogo ya diski inayotunza mafaili ya kuwashia. Lilihitaji mstari wa kulielekezea, \EFI\ubuntu\shimx64.efi, basi. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua anachotafuta.

Yeye akaibadilisha mashine kutoka UEFI, njia mpya ya kuwashia, kwenda Legacy, ile ya zamani. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika kwamba hakuna diski ya kuwashia. Ingekuwepo vipi, wakati mifumo yote miwili iliwekwa kwa UEFI? Hapo ndipo aliponitajia TSh 60,000 za "kupiga chini zote, tuanze upya". Nilikataa. Mwenzake mkubwa zaidi, aliyekuwa ametulia pembeni, akairudisha UEFI, akachomeka flashi, akairudisha menyu. Nikatozwa TSh 30,000, nikashukuru, nikaondoka.

Nyumbani menyu ikatokea, Ubuntu ipo, Windows haimo! Simu tena. "Mama, mashine ya zamani hiyo, chagua mmoja."

Sikuchagua. Orodha ile huandikwa na programu iitwayo GRUB, na tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, ule utaratibu wake wa kutafuta mifumo mingine kwenye diski huja umezimwa mpaka mwenye mashine auruhusu. Nikafungua faili la /etc/default/grub, nikaandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, nikahifadhi, nikaendesha sudo update-grub. Mistari ikateremka, mmoja wao ukasema: Found Windows Boot Manager. Nilipiga kigelegele peke yangu, jirani muuza mihogo akachungulia mlangoni akidhani nimeposwa. Kadi zilichapwa kesho yake.

Naomba, Ndugu Meneja, nirudishiwe zile TSh 30,000. Menyu mliiharibu wenyewe, mkanitoza kuitengeneza, na mkaiacha nusu. Pia naomba kadi zenu za kazi ziandikwe kilichoguswa. Yangu ninayo hapa: imeandikwa "FENI" kwa kalamu ya bluu, alama ya vema, na saini isiyosomeka. BIOS haimo. Laiti ingekuwemo, hata mimi ningejua pa kuanzia. Na yule kijana wa simu aelezwe asimwambie mteja kitu kimefutika kabla hajaiangalia diski, kwa sababu mwingine angekubali format, yaani kufutiwa diski yote, ya TSh 60,000, na hapo ndipo kingefutika kweli.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Nimeambatisha nakala ya kadi ya kazi na risiti zote mbili.

Wenu,

Mteja wa Makorora
(jina, simu na saini vimo kwenye nakala niliyoikabidhi mapokezi)