Safari ya Komoro: someni kabla ya Jumapili

Asalaam aleykum wapendwa, habari za jioni.

Tumekubaliana Agosti, kiangazi cha kule. Mlima Karthala tunaupanda. Ni volkano hai yenye mita 2,361, na mara ya mwisho ililipuka 2007, kwa hiyo mwongozaji wa pale akisema mlima hauendeki, hatubishani naye. Tutalala huko juu usiku mmoja. Kuna baridi, jamani, msije na shuka jepesi mkitegemea joto la mjini Moroni! Maji kila mtu abebe yake ya kutosha siku mbili. Ngazija, kisiwa chenye mlima huu, haina mito. Mvua yote inazama kwenye mawe ya volkano, ndiyo maana vijijini mtaona matangi ya kukinga maji kila pembe.

Pesa: bebeni euro taslimu, kadi msizitegemee. Euro moja ni kama faranga 492, na haipandi wala haishuki kwa sababu faranga yao imefungwa kwenye euro.

Wanaotaka kuendelea hadi kisiwa cha Mwali kuwaona kasa wa kijiji cha Itsamia waniambie. Mimi naona kufika Komoro ukaiacha Mwali ni kujinyima, ila usafiri wa visiwani una subira zake. Mwenye likizo fupi abaki Ngazija.

Mavazi mnajua wenyewe, watu wa pwani hatufundishani.

Nitumieni picha ya pasi kufikia Jumapili saa mbili usiku. Inayokaribia kuisha ishughulikiwe sasa. Asiyetuma, simkatii tiketi.