Anayeuliza habari za jina la kikoa naye ajulikane

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuhamisha majina ya vikoa (majina ya tovuti na barua pepe, kama mfano.com) ilieleza vizuri upande wa mteja: afungue kufuli linalozuia jina kuhama, aombe msimbo wa idhini, yaani nenosiri la kuhamishia jina, asubiri siku tano. Hamkugusa yale ambayo wasajili, yaani kampuni zinazowaandikishia wateja majina hayo, huulizana wao kwa wao jina linapohama, na humo ndimo mna mianya.

Kwa miaka mingi kuulizana huko kulipitia WHOIS, huduma iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache. Uliunganisha kompyuta kwenye mlango namba 43, ukaandika jina la kikoa, mstari mmoja tu, na jibu likaja na jina la mwenyewe, anwani ya posta, simu na barua pepe. Hukuulizwa wewe ni nani wala unazitakia nini. Msajili mpya alizihitaji habari hizo kwa kazi halali: kumwandikia mwenye jina athibitishe kwamba kweli anahama. Basi wasajili wakapeana anwani za IP za seva zao ili maswali yao yasiwekewe kikomo. Lakini anwani ya IP inaonyesha tu mashine inayouliza. Haisemi kwa nini.

Waliovuna habari hizo walijua la kufanya. Mwenye jina alipokea barua yenye sura ya ankara, ikitaja kikoa chake bila kosa na tarehe kamili ya kuisha kwake. Alilipa akidhani anahuisha, kumbe ameridhia kuhamia kwa msajili mwingine, tena kwa bei ya juu. Tarehe ile ndiyo iliyowaponza wengi: asiyehusika angeijuaje?

Wavunaji hawako peke yao, hata hivyo. Wapo wasajili waliogeuza ulinzi wa data kuwa kisingizio cha kung'ang'ania wateja. Seva yao ilimjibu mshindani maswali machache kisha ikanyamaza, uhamisho ukakwama, na mteja akamlaumu yule anayehamia kwake. Hila hii huniudhi kuliko ile ya kwanza, maana mvunaji hajidai kunilinda.

GDPR, sheria ya kulinda data binafsi, ilipoanza kutumika Ulaya tarehe 25 Mei 2018, habari nyingi za wamiliki zilifichwa, na msimbo wa idhini ukawa ndio tegemeo. Wapo waliodhani mjadala umekwisha. Kumbukeni panix.com, jina la kampuni ya intaneti ya New York. Januari 2005 lilihamishwa bila ridhaa ya wenyewe, na barua pepe za wateja zikaelekezwa kwingine, miezi miwili tu baada ya kanuni mpya za uhamisho za ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, kuanza kutumika. Habari za mwenye jina zilikuwa wazi kwa kila mtu. Hakuna aliyejisumbua kumwuliza. Sasa tumezificha, na hata msajili anayetaka kuuliza mara nyingi haioni barua pepe ya mwenye jina.

RDAP, huduma mpya ya kuulizia habari za vikoa iliyochukua nafasi ya WHOIS kwa vikoa vya jumla (kama .com na .org) Januari 2025, inaweza kumtambua anayeuliza na kumpa kila mmoja kiasi anachostahili. Uwezo huo utumike. Msajili mpya aruhusiwe kuuliza jina moja tu, lile ambalo msimbo wake umekubaliwa na uhamisho wake uko njiani. Apewe barua pepe ya mwenye jina, si simu wala anwani ya nyumbani, na ruhusa ife uhamisho unapokamilika au kukataliwa. Kila swali liandikwe kwenye kumbukumbu ambayo mwenye jina anaweza kuiona. Msajili wa zamani asiyejibu kwa wakati naye atozwe faini.

Na anayeuliza majina elfu moja huku akihamisha kumi, aeleze yale mengine aliyatakia nini. Rejista, yaani mtunza orodha kuu ya majina, inajua majina yaliyohama, na msajili anayeulizwa anajua maswali aliyopokea. Kuziweka hesabu hizo mbili pamoja hakuhitaji mtambo mpya.

Wenu,
Msimamizi wa vikoa