Homa imeisha, damu bado iko chini: tupime tena lini?

Kwako Daktari,

Mdogo wangu wa kike, miaka 29, alirudi Nairobi kutoka Busia na homa. Alipatikana na malaria, akapewa dawa ya mseto ya siku tatu, akamaliza vidonge vyote 24. Homa imekwisha. Kinachotusumbua sasa ni damu. Siku ya kwanza himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ilikuwa 11.8, siku ya nane ikawa 11.1. Najua kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu, na kuanzia 11 huitwa upungufu mdogo. Ila Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huku juu mwili hutengeneza damu zaidi, kwa hivyo hiyo 11.1 huenda ni mbaya kuliko inavyosomeka.

Kushuka baada ya malaria kunaeleweka: vimelea hupasua chembe nyekundu, na uboho huchelewa kuzifidia. Shaka yangu iko kwenye MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu. Karatasi inasema 76, na kawaida ni 80 hadi 100. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Homa ya wiki moja haiwezi kuzifanya zote kuwa ndogo. Basi huenda chuma kilikuwa kimepungua zamani, maana hedhi yake ni nzito na huchukua siku saba. Au ni talasemia nyepesi, hitilafu ya damu ya kurithi, ambayo si ngeni kwa watu wa kanda ya Ziwa na Pwani.

Kliniki walipima feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, siku ile ile ya homa, ikawa 52, wakasema chuma kipo. Sikuridhika. Feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi hata kama akiba yake ni ndogo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa upungufu kuwa 70 kwa mtu mzima anayeugua, badala ya 15.

Nyumbani nako kila mtu ni daktari. Mama ameleta bitiruti. Duka la dawa limempa mdogo wangu vidonge vya chuma, feras salfeti ya miligramu 200, yenye chuma halisi 65, ameze mara tatu kwa siku. Tumbo linamsokota, na bado anavimeza kwa chai, ambayo huzuia chuma kufyonzwa!

Je, asitishe, turudie hesabu kamili ya damu, feritini na CRP (kipimo cha kuonyesha kama mwili bado una maambukizi au uvimbe) wiki ya nne? Au aendelee na kidonge kimoja, siku ameze, siku apumzike? Naogopa kwamba akiendelea, himoglobini ikipanda hatutajua kama imepanda yenyewe. Na kipimo cha talasemia kifanywe sasa, au chuma kijulikane kwanza?

Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa manjano au akihema akiwa amekaa, tunajua ni hospitali mara moja. Tusichojua ni namba: himoglobini ikishuka hadi ngapi, tusingoje wiki ya nne?

Msomaji, Umoja, Nairobi