Barua ya wazi kwa vijana wa Majengo mliokuja Nairobi kwa siku tatu

Wanangu,

Asalaam aleikum. Nimengoja wiki mbili zipite kabla ya kuandika, maana siku mliyopanda treni kurudi Mombasa nilikuwa na hasira, na mzee akiandika kwa hasira huandika mambo ambayo baadaye hutamani kuyafuta. Sasa hasira imepungua, ingawa haijaisha.

Nilikuwa karani wa reli kwa miaka 31, na kazi hiyo ilinifundisha kuuhesabu muda kama wengine wanavyohesabu fedha. Ninyi mlikuwa na siku tatu, nanyi mlikuja na orodha ya mahali tisa katika simu ya katibu wenu, na kila mlipofika mahali mlitia alama mkaondoka. Wahenga walituonya juu ya mshika mbili; ninyi mlishika tisa.

Niseme wazi kuhusu ile Jumamosi, kwa sababu nilikuwamo ndani ya matatu mliyoikodi na sikusimuliwa. Tulitoka Pangani saa tatu asubuhi, baada ya kumsubiri mwenzenu aliyekuwa akipiga pasi. Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 na yenye eneo la kilomita za mraba 117, haimfai mgeni wa saa sita mchana: milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo simba bado yuko njiani, na jua likishapanda huwa amekwisha kulala chini ya mti, wala hajisumbui kwa ajili ya picha ya mtu. Tulifika saa tano na nusu. Tukapoteza nusu saa langoni kwa kuwa wawili wenu waliacha vitambulisho nyumbani, nacho kitambulisho ndicho kinachompa raia nafuu ya kiingilio, na kwa kuwa wengine walikuwa wameshika noti mkononi ilhali malipo hayo hufanywa kwa simu. Kisha askari akawanyang'anya chupa zenu za maji, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Mkaona pundamilia na mbuni, mkasema mbuga hii haina wanyama.

Toka hapo, badala ya kwenda kituo cha twiga ambacho kiko upande uleule wa Lang'ata, mlitaka twende kwanza msitu wa Karura, yaani kuukata mji mzima kutoka kusini hadi kaskazini, mchana wa Jumamosi, kwa sababu ndivyo orodha ilivyopangwa. Karura, mkapiga picha langoni. Maporomoko ya maji na mapango yamo ndani, ni mwendo wa miguu tu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeyaona. Tukarudi tena Lang'ata, tukakuta saa za wageni zimekwisha. Niliandika katika daftari langu jioni ile, kwa mazoea ya kazi: barabarani karibu saa saba, bila kuhesabu muda wa mbugani. Saa saba! Hiyo ni zaidi ya muda mliotumia kutoka Mombasa.

Sikilizeni basi. Msiupange mji huu kwa uzuri wa mahali. Upangeni kwa pande zake. Siku moja upande mmoja. Kama ni kusini, basi mbuga alfajiri, twiga asubuhi, chakula, na kurudi kabla ya magari ya jioni. Kinachobaki kikae kwa safari nyingine.

Jumapili tulikwenda Makumbusho ya Taifa, na hapo ndipo niliposikitika hasa. Kuna mifupa ya kijana aliyefukuliwa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984, na aliyekiona kipande cha kwanza alikuwa Mkenya, Kamoya Kimeu, mtu aliyejifunza kusoma ardhi kwa macho. Kijana yule alilala ardhini kwa takriban miaka milioni moja na nusu. Mmoja wenu, simtaji, alimgeuzia mgongo, akainua simu, akatengeneza kofia, akapiga picha, akaitazama, hakuipenda, akapiga nyingine, kisha akatoka. Hakugeuka kumtazama hata mara moja. Nilibaki pale na yule binti mdogo kuliko wote, ambaye aliuliza kwa sauti ya chini, "Babu, alikufa akiwa na miaka mingapi?" Huyo peke yake ndiye aliyefika makumbusho siku ile.

Mngeniuliza mimi, ningewapa siku moja isiyohitaji gari kabisa. Mngeanzia kwenye stesheni ya zamani, kwa sababu mji huu ulizaliwa na reli, mwaka 1899, mahali palipokuwa na maji baridi ya Wamaasai na kinamasi. Nyuma yake kuna Makumbusho ya Reli, yenye behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli aitwaye Ryall alivutwa na simba akiwa usingizini pale Kima, mwaka 1900. Yeye na wenzake walikuwa wamekuja kumvizia simba huyohuyo. (Mlipita karibu na mahali hapo mara mbili, mkienda na mkirudi, mmeangalia simu.) Ukitoka hapo unafika kwenye bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, ambapo bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200, na majina yao yamechongwa ukutani, someni hata matano. Endeleeni na Moi Avenue hadi jengo la Nyaraka za Taifa, ambalo zamani lilikuwa benki, muone hazina ya sanaa aliyoikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, kisha sanamu ya Tom Mboya iliyo jirani. Adhuhuri iwakute Msikiti wa Jamia. Baada ya swala, soko la City Market liko hatua chache tu, na kutoka hapo si mbali na bustani ya Jeevanjee, ambako mtakaa chini ya mti na kula. Yote hayo ni mwendo wa miguu ambao hata mimi, na goti langu hili, naumudu.

Mengine nayataja tu. Chukueni sweta, maana Agosti huku si Agosti ya Mombasa. Vaeni viatu vya kufunga, si makubadhi. Simu isishikwe mkononi kando ya barabara yenye pikipiki. Ulizeni nauli kabla ya kupanda. Siku ya kurudi, kumbukeni kuwa kituo cha treni kiko Syokimau, si katikati ya mji. Kuna treni ndogo inayotoka stesheni ya zamani kuwapeleka huko, nayo haitawangoja.

Lakini sitawalaumu peke yenu, kwa sababu sisi watu wazima ndio tuliowafundisha kutembea hivyo. Mjukuu wangu alipelekwa na shule yake matembezi ya siku moja: wakaamshwa saa tisa usiku, wakaonyeshwa mahali saba, wakahesabiwa kama mbuzi kila waliposhuka, na kesho yake wakaambiwa waandike insha. Aliandika juu ya basi. Tena wapo majirani zangu waliozaliwa Nairobi, wenye wajukuu, ambao hawajakanyaga makumbusho maisha yao yote, ilhali kila jumba jipya la maduka wanalijua. Na hizo bustani mnazopigia picha zisingekuwapo bila ukaidi wa wachache: mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga mnara wa ghorofa 60 usijengwe Uhuru Park, alitukanwa hadharani, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tulinyamaza.

Nami pia nilikuwa mshamba wa mji huu. Nilishuka stesheni Julai 1974 nikiwa na shati la mikono mifupi, nikitetemeka, na siku yangu ya kwanza ya mapumziko niliitumia yote chini ya jengo la mikutano la KICC, lililokuwa na mwaka mmoja tu, nikihesabu ghorofa. Nilihesabu mara tatu nikapata idadi tatu. Hadi leo nalijua jengo lile kama uso wa ndugu.

Mkija Desemba, nipigieni simu mapema. Nitakuwa mlangoni mwa stesheni ya zamani saa moja asubuhi, na bibi yenu atakuwa amefunga mahamri na mbaazi. Yule binti mdogo mwambieni nimemtafutia jibu la swali lake: wataalamu wanakadiria alikuwa na miaka minane au tisa hivi, ingawa kwa kimo alikuwa tayari mrefu kuliko mwenye kofia.

Babu yenu,
Pangani, Nairobi